Vitabu vya Mali Kauli

Mwaka 1972, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba yangu alifariki huko Masasi na shule yangu ikaishia hapo hapo, darasa la tatu. Sikuwa mjinga wala mvivu. Kulikuwa na wadogo zangu, na kulikuwa na shamba la mikorosho ambalo baba mdogo alilichukua hata arobaini haijafika. Shangazi akanileta Dar es Salaam. Nikafanya kazi za ndani Mchafukoge, kwenye ghorofa ya familia ya Kihindu. Baadaye nikauza vitumbua Kariakoo, nikaolewa, nikaachika, nikaendelea kuuza vitumbua. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue anaongea na nani. Nimekula mshahara wa maktaba mpaka kustaafu, na cheti cha ukutubi sina hata kimoja.

Siku ya kwanza kazini, maktaba kuu ya mjini, niliripoti na kanga mpya na viatu vya kuazima. Mkutubi Mkuu wa wakati ule alikuwa mama mmoja mrefu, mkali, asiyesikika anapotembea. Mkutubi, kwa asiyejua, ni msomi wa kazi ya maktaba. Sisi wengine tuliitwa wahudumu. Alinikabidhi ufagio, akanisimamisha katikati ya ukumbi wa kusomea.

"Unajua kusoma?"

"Najua, ila polepole."

"Humu hakuna anayekukimbiza. Ukifagia, vumbi liende mlangoni, lisiende kwa msomaji. Na ukikuta mtu kasinzia juu ya kitabu, usimwamshe. Amechoka, lakini amekuja."

Yule mama ndiye shule yangu. Nilianza kwa kufagia, nikaja kufuta vumbi rafuni, na katika kufuta nikazijua namba. Kila kitabu cha maktaba kina namba mgongoni, inayosema kinahusu nini na kinakaa wapi. Kikirudishwa pasipo pake, kimepotea, hata kama kimo ndani ya jengo. Kuna wenye digrii nimewaona wakizunguka rafu asubuhi nzima wakitafuta kitabu kilichochomekwa vibaya. Kazi hiyo inataka macho na subira tu. Yule mama akanipandisha kuwa mpanga rafu, watu wakanuna, wakanyamaza.

Alipostaafu nilihamishiwa tawi dogo la Ilala. Huko Msimamizi wa Tawi alikuwa bwana mpole, mcha Mungu, na alikuwa na tabia moja iliyonichosha roho: vitabu vipya alivifungia kabatini visichakae. Nikamuuliza, "Mzee, sasa vitachakaa lini?" Akanijibu bila hasira, "Somoe, vikiharibika nitaulizwa mimi. Visiposomwa, haulizwi mtu."

Sentensi ile nimeishi nayo. Ofisi nyingi za nchi hii zinaendeshwa hivyo, na nyinyi vijana mnaoingia kazini leo mtaambiwa ndiyo busara.

Niliporudishwa maktaba kuu, Mkutubi Mkuu alikuwa kijana wa tai, msomi kweli, mchapakazi. Yeye ndiye aliyetuletea habari ya ruzuku ndogo. Ruzuku si mkopo. Ni pesa ambayo shirika linaipa maktaba kwa kazi moja maalumu, na kila senti uieleze ilikoenda. Kazi yenyewe ilikuwa huduma za nje, yaani kuipeleka maktaba kwa watu ambao hawaji maktaba. Tukaitwa kikao tuseme tutafanya nini. Mmoja akataka semina hotelini. Mwingine akataka fulana na kofia zenye maandishi. Mwingine akauliza habari ya posho, na hapo macho yote yakafunguka.

Nikanyoosha mkono. "Nunueni guta."

Guta ni ile baiskeli ya magurudumu matatu yenye bodi nyuma, inayobeba viroba Kariakoo nzima. Walicheka mpaka mhasibu akavua miwani.

"Na litaendeshwa na nani, Bi Somoe?" akauliza Mkutubi Mkuu.

"Mimi. Miguu si ninayo?"

Sifa yake nampa. Hakucheka na wenzake. Aliandika guta kwenye andiko la mradi, pesa ikaja, guta likanunuliwa.

Kila Jumatano nikalipakia vitabu na kulisukuma mpaka Kariakoo, nikalisimamisha mbele ya duka la jumla la Mzee Kanti, Mhindi mmoja muuza mikanda na soksi ambaye machinga wengi wa mtaa ule walichukua mzigo kwake. Alikubali niegeshe hapo kwa sharti moja, nisizibe mlango. Vijana walinipokea kwa maneno yao.

"Bi mkubwa, leo vitumbua vya karatasi?"

"Vya karatasi, na wewe huna meno ya kuvitafuna."

Ndivyo tulivyoanza. Ila mapema sana niliona kasoro. Mpagazi hawezi kusoma mchana amesimama, mzigo unamngoja. Machinga akiinamisha kichwa dakika mbili, mteja amepita. Muda wao wa kusoma ni jioni, chumbani. Kama kitabu hakiondoki na mtu, basi guta lile ni pambo la kupigia picha. Na kitabu kuondoka kilihitaji kadi ya msomaji, na kadi ilihitaji mdhamini, mtu mwenye ajira au leseni ya biashara atakayegonga mhuri wake kusema huyu namjua. Machinga atampata wapi mtu huyo? Mimi mwenyewe wakati ule sikuona.

Nikafanya kama Kariakoo inavyofanya. Pale watu wanachukua mzigo kwa mali kauli: asubuhi tajiri anakupa bidhaa kwa neno lako tu, jioni unamrudishia bidhaa au pesa yake. Hakuna karatasi. Ukimdhulumu mmoja, kesho mtaa mzima unakufungia. Nikamwambia Mkutubi Mkuu nataka kuwapa vitabu kwa mtindo huo. Alifikiri sana. "Jaribu," akasema. "Lakini anayejulikana ni wewe."

Vitabu vilitoka na vikarudi. Vilirudi vinanuka dagaa na mafuta ya taa, kimoja kina alama ya kikombe cha chai, lakini vilirudi. Mpaka zamu ya Chande.

Chande alikuwa kijana wa kutoka kwetu kusini, muuza mikanda, mikanda yenyewe ya Mzee Kanti. Nilikuwa nimempa kitabu cha ufugaji wa kuku. Jumatano iliyofuata akaja anatabasamu, mikono mitupu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kitabu kiko wapi?"

"Kimetoka." Akanishikisha noti zilizokunjwa. "Kuna mama wa Kigamboni alikuwa anawahi kivuko. Kaniona nasoma, kaulizia, nikamtajia bei. Hata hakubishana. Hiyo yako, mimi nimebaki na ya soda."

"Chande, nilikupa usome."

"Nimesoma mpaka pale kwenye ugonjwa wa kideri. Sasa mama, mteja kasimama na hela mkononi, nimfukuze? Kama una kingine cha kuku nipe. Cha kuku kinatembea."

Wenzake walikufa kwa kicheko. "Mpe na tawi lake kabisa," mmoja akasema. Mimi sikucheka, lakini wala sikumtukana. Kwa sheria ya mtaa ule, Chande hakuwa na kosa. Alichukua mali, alileta pesa, tena iliyozidi bei ya kitabu. Mwizi hakuletei faida mpaka ulipokaa.

Siku ile ile nilimpelekea Mkutubi Mkuu zile noti, nikamweleza kila kitu. Akazisogeza mbali naye kwa ncha ya kalamu.

"Kitabu kina mhuri wa maktaba. Kimeuzwa barabarani. Anayeuza mali ya umma anaitwaje, Bi Somoe?"

"Anaitwa Chande."

"Sitanii. Kuazimisha kumekwisha leo. Wasome pale pale, warudishe pale pale. Na huyo kijana atakwenda polisi. Andika maelezo kwamba aliiba."

"Hakuiba. Siandiki."

"Basi nitaandika mimi, wewe utatia saini."

"Mkono ni wangu, mzee."

Nilimwita mzee ingawa ningeweza kumzaa, kwa sababu kiti ni kiti. Na sisemi alikuwa mtu mbaya. Wiki iliyofuata Ofisa Ruzuku wa shirika alikuwa anakuja kukagua, na ukaguzi ule ndio ungeamua kama pesa ya mwaka wa pili itatoka. Kijana wa watu aliogopa. Lakini woga wake ulitaka kumpeleka Chande mahabusu na kuwanyang'anya watu vitabu, na hilo mimi sikukubali.

Siku ya ukaguzi ilikuwa Jumatano. Amri ilikuwa guta lioshwe, likae uani, na watoto wa shule waliovaa sare walizunguke wakiwa wameshika vitabu. Mimi nililiosha kama nilivyoambiwa. Kisha nikalipakia nikaondoka nalo kwenda Kariakoo, maana Jumatano ni siku yake na watu walikuwa wananingoja.

Walinifuata kwa miguu, Mkutubi Mkuu mbele amelowa jasho, Ofisa Ruzuku nyuma yake, dada mmoja mtaratibu mwenye begi la mgongoni. Chande alikuwepo. Ningeweza kumwambia ajifiche, sikumwambia.

"Bi Somoe," akasema yule dada baada ya salamu, "tangu mwanze, vimepotea vitabu vingapi?"

"Hakijapotea hata kimoja. Kimoja kimeuzwa."

"Ni mimi, dada," Chande akadakia. "Lakini hela yao nilileta."

Yule dada aliuma mdomo asicheke. Akanisikiliza nikimweleza mali kauli kuanzia mwanzo, na nadhani alielewa. Lakini naye alikuwa na wakubwa wake. "Masharti ya pesa hizi ni magumu," akasema. "Mwaka wa pili mtaupata kama vitabu havitaondoka kwenye guta."

"Tunakubali," akasema Mkutubi Mkuu.

"Mimi sikubali," nikasema.

"Bi Somoe, pesa si zako."

"Na vitabu si vya pesa hizo. Ni vya maktaba, na maktaba ni ya hawa waliosimama hapa. Mlitaka tuwafuate wasiokuja. Tumewafuata. Leo mnawaambia shikeni, ila msiondoke navyo?"

Hapo Mzee Kanti, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake muda wote, akaingilia.

"Huyu Chande nampa mikanda kila asubuhi, karatasi hakuna. Nyie mnaogopa kumpa kitabu?"

"Mzee, mkanda ukipotea ni wako," Mkutubi Mkuu akamjibu kwa heshima. "Kitabu kikipotea ni cha Serikali."

"Serikali ndiyo nani? Kodi yangu mnafikiri wanapikia chai? Haya niambie, mnataka nini ili apewe?"

"Mdhamini. Mwenye ajira, au mwenye leseni ya biashara."

"Leseni yangu ipo ukutani, kasome. Mhuri huu hapa." Akamgeukia Chande. "Na wewe, ukiuza kitabu tena nakunyima mikanda, utashikilia suruali kwa mkono."

Mtaa ulicheka. Mkutubi Mkuu aliutazama ule mhuri, na mimi nilijua anachofikiri. Kanuni ilikuwa pale siku zote, ameisimamia miaka yote, hakuna tajiri yeyote wa Kariakoo aliyewahi kuulizwa. Hata mimi sikuwa nimeuliza. Mwishowe akasema, "Kanuni inaruhusu. Aje kesho ajaze fomu." Habari ya polisi haikutajwa tena.

Pesa ya mwaka wa pili haikuja. Lawama nilibebeshwa mimi, nikahamishiwa ghala la vitabu chakavu mpaka nilipostaafu. Guta likafungiwa uani, matairi yakaisha upepo. Sawa. Lakini mwenye duka mmoja akigonga mhuri, jirani yake naye anaona aibu kukataa. Wapagazi na machinga wakapata kadi, wakaanza kuingia kwa mlango mkubwa, na kila mmoja alitoka na kitabu chake kwapani. Mradi ulikwisha, kadi hazikuisha. Na zile noti za Chande, Mkutubi Mkuu mwenyewe alizitoa kwenye droo akanunulia kitabu kingine cha kuku, akakipiga mhuri, akakiweka rafuni bila kumwambia mtu. Mimi nilikiona kwa sababu namba nazijua.

Nyinyi mtakaoandika maandiko ya ruzuku baada yetu, fulana zitapauka na semina itasahaulika kabla wali haujashuka tumboni. Ombeni pesa, ni halali yenu, lakini muulizane siku ya kwanza: pesa hii ikiisha, mtu wa Kariakoo atabaki na nini mkononi? Kama jibu hamna, msiandike.

Siku ya kuniaga Mkutubi Mkuu alisimama akasema, "Bi Somoe alikuwa mtu mgumu." Nikamjibu nimekaa, "Nilikuwa." Sikuomba radhi, na leo siombi.

Nina nyumba ya vyumba vitatu Gongo la Mboto, upande wa nyuma bado haujapigwa plasta. Nina cherehani mbili, moja mbovu. Nina pensheni, huwa inachelewa. Nina watoto watatu, wote wamesoma kunizidi. Nina goti la kulia linaloniuma tangu enzi za guta. Nina saa ya ukutani niliyopewa siku ya kuagwa. Nina kadi ya msomaji, na kitabu kimoja cha maktaba kiko hapa mezani. Nitakirudisha nikimaliza.