Mama Dizeli na Afisa wa Nishati

Mafundi walimwita Mama Dizeli, na jina hilo halikumkera, maana hata sabuni ilikuwa imesalimu amri mbele ya harufu ya mafuta hayo mwilini mwake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameendesha jenereta kwenye miradi ya ujenzi. Akisikia mngurumo tu, alijua ni winchi inayovuta umeme au ni mashine ya kukata nondo.

Kisha jengo lao la ghorofa saba likaletewa afisa wa nishati, bwana mtanashati ambaye viatu vyake havikuwahi kukutana na zege. Alipewa kontena lenye kiyoyozi liwe ofisi. Wiki ya kwanza alibandika vikaratasi vya "Okoa Umeme" kila mahali, hata kwenye ukuta wa choo kisicho na taa wala paa.

Mama Dizeli naye alikuwa na daftari la shule, akiandika kila saa ni mashine zipi zinafanya kazi. Daftari likamwonyesha kioja: saa sita hadi saa nane, mafundi wote wakiwa wamejinyoosha kivulini, jenereta kubwa kama lori lilinguruma kwa ajili ya kiyoyozi cha afisa na birika lake la chai.

Akaenda kumweleza. "Baba, ofisi ipewe jenereta dogo. Hili kubwa tulizime mchana, na kazi nzito tuzifanye pamoja asubuhi."

"Mama yangu, hayo ni mambo ya kitaalamu," afisa akamjibu kwa upole wa kumpoza mtoto. "Naandaa mkakati."

"Na huo mkakati unakunywa lita ngapi?"

Afisa akaangalia simu yake.

Mkakati uliiva siku walipokuja wageni wa makao makuu. Walikuwa ndani ya kontena wakimsikiliza afisa akihutubia kwa picha za mkakati ukutani, huku ghorofa ya nne ikimwagwa zege, wakati mzigo wa umeme ulipozidi na jenereta likaanza kukohoa. Ama pampu ya zege, ama kontena. Mama Dizeli hakuomba ushauri. Alikata umeme wa kontena.

Afisa akatoka mbio, jasho likimchuruzika. "Nani amezima?"

"Mimi. Zege likikatishwa katikati, sakafu inapata ufa. Hotuba haipati ufa."

Mhandisi mkuu, mwanamke wa makamo aliyekuwa miongoni mwa wageni, akacheka, kisha akaomba kueleweshwa. Akaletewa daftari. Alilisoma akiwa amesimama juani, ukurasa kwa ukurasa, na hakurudi tena kontenani.

Mwezi huohuo jenereta dogo likaletwa, kazi nzito zikahamishiwa asubuhi, na dizeli ikapungua kwa theluthi. Ripoti ya mradi kuhusu akiba hiyo ilipotoka, jalada lilikuwa na picha ya afisa ameegemea jenereta ambalo hakujua hata linawashiwa wapi. Pembeni kulionekana kiwiko cha mtu.

Mama Dizeli alifika nyumbani akiwa amevimba kwa hasira, akaitupa ripoti juu ya cherehani ya mumewe. Mzee akavaa miwani, akaichunguza.

"Kiwiko chako kimetoka vizuri," akasema.

Mama Dizeli alinuna mpaka chakula kikapoa, kisha akacheka hadi akashika mbavu.

Afisa alipandishwa cheo, akakabidhiwa miradi mitatu. Sasa kila Jumatatu humpigia Mama Dizeli kumuuliza afanyeje. Mama humjibu, lakini kwanza humtaka amwamkie vizuri, amuulize hali ya mumewe na ya watoto, mmoja mmoja.