Kichwa cha Msusi

Nilisomea sosholojia chuo kikuu, na tasnifu yangu ilihusu desturi ya kuwanyoa wafiwa huku kwetu kando ya ziwa. Mwalimu wangu aliisifu. Hakuna aliyeniajiri kwa sababu yake, kwa hiyo nikajifunza kusuka. Leo nina saluni mjini Migori yenye viti vinne, wasichana watatu wanaolipwa kila mwezi, na wateja wanaotoka hata Kegonga. Kila msichana niliyemfundisha alianza na somo moja: nywele za msusi ndizo bango lake. Zangu zilifika mabegani. Nilizitunza kuliko shahada.

Kisha mume wangu akafa. Tulimzika kwao, nje kidogo ya Homa Bay, nami sikulia. Watu wakasema nina moyo mgumu, wengine wakasema nina imani. Nilikuwa tu kama mkono uliolaliwa usiku kucha.

Siku chache baada ya mazishi niliitwa ninyolewe. Sisi ni Waadventista, na mchungaji alikuwa ameshasema si lazima. Ningeweza kukataa kwa hoja nzuri, nilizipanga mwenyewe katika sura ya tatu ya tasnifu. Nilikaa kwenye kigoda. Mnyoaji alikuwa shangazi ya mume wangu, mjane wa miaka mingi, na wembe wake ulikuwa mkavu.

"Lowesha kwanza, mama," nikamwambia. "Halafu ulaze wembe, usiusimamishe."

"Umeshika vichwa vya watu miaka yote hii na hujui kukaa?" akasema. "Leo wewe ndiye kichwa. Tulia."

Nikatulia. Alinikata kisogoni. Nilijua kwa kuona damu kwenye leso, si kwa maumivu.

Jumatatu nikafungua saluni. Wasichana walikuwa wameniwekea wigi ya bei. Niliivaa hadi saa nne, joto likanishinda, nikaitundika kwenye draya.

Alhamisi akaja bibi harusi kutoka Awendo, pamoja na mama yake. Alikuwa ameomba nafasi miezi mitatu kabla, akasema anataka mikono yangu, si ya mwingine. Wapambe wake sita walitakiwa kuja kesho yake. Ukoo wao mzima husuka kwangu. Wangeondoka wao, Awendo yote ingekuwa na habari kabla ya jioni. Na sababu ya kuondoka walikuwa nayo. Mjane mpya huku kwetu huitwa chi liel, mke wa kaburi, na mke wa kaburi hagusi kichwa cha bibi harusi. Hilo pia nililiandika, kwenye tanbihi.

Mama alizungumza kwa heshima. Aliuliza kama mmoja wa wasichana angeweza kumsuka, mimi niangalie tu. Nikampa kichana msichana niliyekaa naye muda mrefu zaidi, nikasimama nyuma yake, mikono mfukoni mwa aproni. Alikosea kugawa nywele mara moja. Nikasema, "Mstari," akaurudia. Baada ya hapo hakunihitaji. Vitabu vya biashara huyaita hayo mafanikio.

Mama wa bibi harusi akaja nyuma yangu.

"Nani alikunyoa?"

"Shangazi ya mume wangu."

"Amekukata hapa. Umepaka kitu?"

Sikuwa nimepaka. Nina rafu nzima ya mafuta, na nimewahi kuwafundisha watu utunzaji wa ngozi ya kichwa kwa siku mbili mfululizo. Akafungua kopo la mafuta ya mgando, akachota kwa kidole. Nikamkumbusha kwamba ana harusi nyumbani.

"Mimi nilinyolewa zamani," akasema. "Inama."

Nikainama. Mafuta yalikuwa baridi. Alipomaliza alinawa mikono kwa sabuni, mara mbili, kabla ya kumkaribia mwanawe. Kisha akaniuliza wale wapambe waje saa ngapi.

Nikamwambia saa mbili asubuhi, na waje wakiwa wameosha nywele.