Picha ya mama wa Kinavajo imenigombanisha na ukoo, hapa hapa Ibra

Wakuu, salaam kutoka Ibra, Oman. Haya sikuhadithiwa, yamenikuta sebuleni kwangu, na mpaka sasa kichwa kinaniuma.

Mke wangu Salma alipenda picha ya kuchora dukani Nizwa. Mama wa Kinavajo, wale wenyeji wa asili wa Marekani, kambeba mtoto mgongoni kwa blanketi, shingoni mkufu wa fedha.

Tukanunua. Nikatundika. Basi!

Ijumaa wakaja wazee. Shangazi yangu kutoka Sur hata kahawa hajaimaliza:

"Huyu Mbedui. Tazama fedha yake."

"Ni Mnavajo, shangazi."

"Mna nini?"

Baba mkwe, aliyekulia Bujumbura, akadakia: "Mama wa kubeba mgongoni? Huyo wa kwetu kabisa."

Dah. Nikafungua simu niwaonyeshe. Nani aitazame?

Hayo ningevumilia. Lakini shangazi akaweka kikombe chini.

"Mama huyu ana huzuni. Na wewe mwanangu, umemtundikia mkeo picha ya mtoto ili umsimange?"

Wakuu, tumeoana miaka sasa na Mungu hajatujaalia. Wote wanajua, hakuna anayelisema. Mama mkwe akaanza kufuta machozi. Baba mkwe akaniamuru niishushe.

Naapa wallahi sikukusudia, hakuna anayesikia! Ikabidi ninyanyuke kuishusha, kwa hasira.

Salma akatoka jikoni na sinia ya halwa.

"Iache. Nimeichagua mimi."

"Masikini," shangazi akasema, "anamkingia mumewe."

"Simkingii mtu, shangazi. Mnasema ana huzuni. Mimi naona amechoka tu. Ana mzigo wake, anatembea, na hakuna anayemuulizauliza. Ndiyo maana nimempenda."

Halwa ikaliwa, picha ikabaki ukutani.

Mnadhani yameisha? Jana shangazi kapiga simu: picha ibaki, ila tuigeuze isitazame mlango. Picha itageuzwaje, jamani?

Nilichojifunza: kabla hujamfasiria mtu picha, muulize yeye anaona nini. Maana hata mimi niliyelipia, siku zote nilidhani Salma kapenda mkufu.

Waliokutwa na ndugu wa namna hii semeni, mnaishi nao vipi? Ila wa kuniambia niiuze, piteni mbali.