Programu Iliyofanya Kazi Kambini Tu

Kompyuta hudanganya, na ile ya darasa letu pale kambini Kakuma ilinidanganya huku nikiitazama.

Nilikuwa nimepewa kibali cha kutoka kambini kwa siku moja, kwenda Lodwar na kurudi jioni. Mkuu wa ofisi moja ya maji alitaka programu ya kupanga zamu za visima. Akiipenda yangu, angeniombea ruhusa ya kuishi mjini na kufanya kazi kwake. Niliiandika kwa Java, lugha ya kompyuta ambayo huigawa programu vipande viitwavyo klasi, kila kimoja na faili yake. Zangu zilikuwa mbili. Nikainakili kwenye disketi, nikaijaribu kutoka kwenye hiyo disketi, ikaenda bila kukwama. Nikajiona bingwa.

Mlinzi wa geti Lodwar alinisalimu kwa Kiturkana, "Ejok," na hilo ndilo neno jema pekee nililoambiwa siku ile.

Mkuu aliwaita makarani wawili waje watazame. Nikaingiza disketi kwenye kompyuta yake, nikaandika amri. Kompyuta ikajibu kwamba klasi ya pili haikupatikana. Nikaandika tena polepole, kana kwamba kosa ni la vidole. Jibu likawa lile lile.

"Kule ilikuwa inatembea muzuri, patron," nikasema, kwa Kiswahili chetu cha Kongo ambacho hunitoka nikiogopa.

"Kule wapi? Kwa kambi?" Akawageukia makarani. "Hii kitu inajua kufanya kazi kwa kambi peke yake. Kama mwenyewe."

Wakacheka. Mmoja alicheka hadi akavua miwani.

Nikafungua disketi: faili moja tu. Hapo nikaelewa. Kompyuta ya Kakuma ilikuwa imeelekezwa itafute klasi si kwenye disketi tu, bali hata kwenye folda ya darasa nilimoiandikia programu. Nilisahau kunakili kipande cha pili, nayo ikakiokota huko kimyakimya, ikanionyesha kila kitu ni sawa. Nikaomba nikiandike upya pale pale, lakini kompyuta yake ilikuwa na Java ya kuendeshea programu tu, haikuweza kutengeneza klasi.

"Basi ilete kesho," mkuu akasema, macho yake yakiwa kwenye kibali changu alichokishika. Alijua vizuri kinaisha lini. Akanirudishia kwa ncha za vidole. Nilimchukia, na hadi leo sijaona sababu ya kuacha.

Kesho yake nilikuwa darasani Kakuma. Nikaingiza disketi ile ile, yenye kipande kile kimoja. Programu ikafunguka bila kulalamika, ikapanga zamu zote za visima vya Lodwar mpaka mwisho.