Gari la Mpingo na Gari la Sanduku la Nyanya

Enzi zetu gari ulilitengeneza mwenyewe, na kama halikimbii ulichekwa mpaka unaingia kulala. Nyie wa rika langu mliokulia Mbagala mnajua: ukisikia beringi zinalia kwenye lami, unaacha sahani ya ugali unatoka mbio. Watoto wa siku hizi wanakaa kwenye kochi wanabonyeza simu, gari inakimbia ndani ya kioo, halafu wanajiita madereva. Hata kidole hakichubuki.

Mie shule sikwenda mbali. Darasa la saba nililifikia kwa kusukumwa. Lakini leo nina yadi ya magari Kibamba, nina ghorofa, na uani kwangu kuna gari mbili za mashindano, nyekundu na nyeusi, ambazo wenye digrii zao wanaombaga kupigia picha. Sisemi kwa kujisifu. Haya, kidogo najisifu. Ila magari mie sikuyajulia yadi. Niliyajulia kwenye mteremko wa ghala.

Ghala lenyewe lilikuwa la korosho, juu mtaani kwetu. Lami ilianzia getini kwake, ikapita kioski cha maji, ikashuka moja kwa moja mpaka kwenye mtaro wa zege. Mchana kutwa palinuka maganda ya korosho na mihogo ya kukaanga. Tulinyonya barafu za ukwaju mpaka ulimi unakufa ganzi. Beringi za kuwa magurudumu tuliokota gereji, tukazilainisha kwa mafuta ya nazi ya mama zetu, ndiyo maana ukipita mashindanoni ulidhani kuna mtu anapika wali.

Gari langu lilikuwa sanduku la nyanya. Jepesi, nililibeba kwa mkono mmoja. Breki ilikuwa kijiti kilichopigiliwa soli ya ndala. Ukitaka kusimama unakikandamiza chini. Mama alinitazama nikilipanda akasema, "Dulla, hiyo suruali ndiyo ya sikukuu ya Idi. Ikitoboka, siku hiyo utavaa kanga yangu."

Rashidi alikuwa rafiki yangu wa kuogea ndoo moja. Baba yake, Mzee Nampunju, alikuja kutoka kusini na patasi zake, akawa mchongaji anayeheshimika mtaa mzima. Alipoona mwanawe anataka sanduku kama langu alikasirika. "Mtoto wa mchonga mpingo hapandi mbao za nyanya," alisema mbele ya wateja wake, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Akamchongea gari la mpingo mtupu, pua yake kichwa cha simba, akalipiga msasa mpaka unajiona uso. Watu walitoka mitaa mingine kuja kulishika tu. Breki akaiweka ileile ya kwetu, kijiti na ndala.

Sasa ubishi ukaanza. Kwenye kuchomoka hakuna aliyeniweza. Wakisema "haya", mie nimeshaondoka, Rashidi bado anasukumwa na watu wawili. Mpaka kioski, niko mbele. Lakini mpingo ukishakolea mwendo haushikiki, na kabla ya mtaro alikuwa ameshanifikia. Mtaa ukagawanyika. Hata watu wazima walibishana kwenye bao.

"Gari lako linaamka kama bibi harusi," nilimwambia.

"Na lako linakata pumzi kwenye kioski kama mzee wa pumu," Rashidi akajibu. "Ijumaa tuanzie getini kabisa. Tumalize maneno."

Ijumaa mlinzi wa ghala alikuwa msikitini, geti halina mtu. Tukaanzia juu kuliko siku zote. Nilichomoka. Upepo ukanijaa mdomoni, nikapita kioski peke yangu. Halafu nikausikia ule mpingo nyuma yangu, mlio mzito, kama mtu anaburuta kinu. Rashidi akanipita anacheka, meno yote nje. Nilikandamiza breki, ikanishika; sanduku ni jepesi. Yeye akakandamiza yake. Nilisikia harufu ya mpira unaungua, nikaiona soli ya ndala inaruka pembeni. Akaweka miguu chini, mpingo ukaivuta kama haipo.

Alikufia mtaroni kabla baba yake hajafika. Gari halikuvunjika. Hata ufa haukuingia, na simba alikuwa bado anang'aa.

Msibani walikuja watani wao, kama desturi. Mmoja akajifunga kanga kiunoni, akaliburuta lile gari mpaka katikati ya mkeka, akalikalia. "Nampunju," akasema, "ulimchongea mtoto gari au jeneza?" Mnajua mtani hakasirikiwi. Watu wakacheka kama inavyotakiwa. Mzee Nampunju naye akacheka, akacheka, wenzake wakanyamaza yeye bado anacheka, mpaka wakamshika mabega wakamwingiza ndani. Mpingo hakuushika tena. Alimalizia uzee wake kwa kutengeneza mbuzi za nazi, mbao laini, amekaa kaupa mgongo mteremko.

Miaka yote hiyo sikuwahi kuisimulia habari hii. Mwezi uliopita mwanangu Hemedi kanifuata yadi na binamu yake.

"Shikamoo mzee. Nyekundu inachomoka vibaya, ila huyu anabisha, anasema nyeusi ndiyo yenye mwendo wa mwisho. Jumapili asubuhi njia ya Kibaha haina foleni. Tuzijaribu, tumalize maneno."

Wateja walikuwa wamenizunguka. Nikapandisha kifua, kama kawaida yangu, nikatoa funguo mfukoni nikasema, "Chukueni. Mtoto wa Dulla hapandi vigari vya kubebea mboga."

Nikaisikia sauti yangu. Haikuwa yangu. Ilikuwa ya Mzee Nampunju, mbele ya wateja wake, ya kusikika mpaka barabarani.

Hemedi alikuwa ameshanyoosha mkono. Nilizirudisha funguo mfukoni.

"Kumbe mzee unaogopa mwendo," akasema. Yadi nzima ikacheka. Siku hiyohiyo nilizitoa gari zile betri, nikazifunika zote mbili turubai. Tangu hapo Hemedi ananiamkia tu kwa sababu ya adabu, na vijana wa yadi wananiita Mzee Turubai, wakidhani sisikii.

Enzi zetu gari lilinuka nazi, likakutoa damu, na mtaa mzima ukakufahamu. Leo gari inanuka ngozi mpya, na mie nayakumbuka yale masanduku kwa hamu. Ila asubuhi nikitoka uani naangalia turubai zote mbili, halafu naangalia dirisha la Hemedi, kuona kama limefunguliwa usiku au bado yumo ndani.

Niulizeni lolote kuhusu magari, nitawajibu. Kati ya nyekundu na nyeusi, sijui ipi ingefika mbele.