Alama ya Reli Kando ya Jina la Picha

Pale kwenye duka letu la kuchapa picha tulimwita Reli, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Kila picha ilipofunguliwa kwenye kompyuta, alitazama kwanza juu, kando ya jina la faili, kutafuta alama ya reli, ile ya mistari minne iliyopishana. Ikiwepo, maana yake picha imekuja bila maelezo ya rangi zake, na kompyuta inabahatisha. Ukipuuza, bibi harusi anaweza kutoka kwenye karatasi akiwa wa kijani. Mimi nilishamtoa wa kijani mara mbili, na Reli hakuniacha nisahau.

"Soma alama kwanza, macho yako yatakudanganya," alikuwa akiniambia, huku anamalizia chai yangu.

Nilimpenda, ingawa alinichosha. Ujuzi ulikuwa umempanda kichwani.

Dada yake mdogo alijifungua mtoto wa kike, uzao wake wa kwanza. Siku ya nne, sisi tukiwa kazini, alimtumia Reli picha. Aliuliza kama macho ya mtoto ni ya njano kweli, au ni uchovu wake tu. Amuulize nani, kama si kaka yake anayekula kwa rangi? Reli akaifungua, akaiona alama ya reli, akacheka. Alimpigia simu palepale mbele yangu.

"Mdogo wangu, mtoto mzima kabisa. Shida ni hiyo picha, haina maelezo ya rangi. Usihangaike na hospitali."

Kisha akaipunguza ile njano mpaka macho yakawa meupe, akamrudishia. Nami nikasema imependeza. Neno hilo linaniuma mpaka leo.

Dada akatulia siku tatu. Ya nne mtoto akakataa kunyonya, mgongo umekakamaa kama ubao. Daktari aliwauliza walikuwa wapi siku zote hizo, maana manjano ya mtoto mchanga yakiwahiwa hutibiwa kwa kumlaza chini ya taa. Mtoto alipona, ila hasikii hata mlango ukibamizwa.

Sasa ana miaka mitano. Mama yake akiwa na shughuli humwacha dukani kwa mjomba, na hajawahi kumlaumu kaka yake hata kwa nusu neno. Afadhali angemtukana.

Juzi asubuhi nilimkuta Reli ameifungua ile picha ya kwanza. Kumbe hakuifuta. Akaipa maelezo ya rangi ya simu iliyoipiga, jambo ambalo siku ile hakujisumbua kulifanya. Alama ya reli ikaondoka. Macho ya mtoto yakabaki ya njano vilevile.

"Kubofya mara mbili tu," akasema. Akarudia kwa sauti iliyowageuza wateja wote pale kaunta. Mpwa wake, aliyekaa nyuma yetu na kalamu zake, aliendelea kuchora.