Somo la Wageni

Kila mwalimu shuleni kwetu ana somo la wageni. Usinibishie. Nyumbani kwako si una vikombe vya kabatini ambavyo watoto wako hawajawahi kuvinywea? Ndivyo na sisi. Mwalimu wa sayansi ana maharage yake yaliyoota kwenye glasi. Mimi nina chungwa. Akija mkaguzi, au mzazi mwenye maneno mengi, nalikata katikati: nusu. Nakata tena: robo. Robo zinakuwa nne, na wanne wanaojibu vizuri wanazila. Darasa langu la nne wakiona chungwa mezani, migongo inanyooka yenyewe, maana wanajua kuna mgeni.

Mwaka ule nikaletewa binti kutoka chuo cha ualimu. Akae darasani kwangu wiki tatu ananitazama, kisha afundishe mwenyewe mbele ya mkufunzi wake. Kabinti kembamba, sauti ya kuomba radhi, fomu kifuani. Hata asubuhi haikuisha, watoto walishampa jina: Mwalimu Fomu. Mwalimu mkuu akaninong'oneza kuwa mwaka jana alianguka kwenye mazoezi ya kufundisha, na safari hii akianguka tena, chuo hakimtaki.

"Kwa hiyo mshike mkono, mama," akasema.

Aa, nikamwambia, hapo amefika.

Siku ya kwanza nikamkatia chungwa. Nilifundisha mpaka nikajipenda mwenyewe. Siku ya pili nikakwama, kwa sababu somo la wageni ni moja tu. Nani hujiandaa kwa mgeni wa kulala? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nikampa daftari hamsini na mbili asahihishe. Akazisahihisha zote, akarudi kukaa dawati la mwisho, karibu na kabati, akaendelea kuchora vijistari vyake kwenye ile fomu.

Vijistari hivyo ndivyo vilivyonitoa roho. Ijumaa ya wiki ya pili aliitwa ofisini, fomu akaiacha. Sikuchungulia, nilipita tu karibu macho yangu yakiwa wazi. Alikuwa amechora darasa zima, kila mtoto na kisanduku chake, na kila anayejibu swali anachorewa kijistari. Vile vichwa vyangu vinne vya mbele vilikuwa vimejaa mpaka vinamwagika. Huko nyuma, hewa. Kwenye kisanduku cha msichana mmoja anayekaa karibu na kabati, aliandika sifuri, akaizungushia duara.

Nilichemka. Miaka ishirini na sita ya chaki, leo napimwa na mtu asiyejua hata kufuta ubao bila kujipaka! Aliporudi nikamuuliza, "Mwanangu, hapa ulikuja kujifunza au kunipeleleza?"

"Kujifunza, mwalimu. Samahani. Nilikuwa nahesabu tu."

"Hesabu ni somo langu," nikamwambia, na siku nzima sikumsemesha.

Siku ya kupimwa kwake ikafika. Nilipomwona anafuta ubao uliokwisha kufutwa, chaki imemjaa hadi kwenye nyusi, hasira zote zikanishuka. Nikatoa chungwa mkobani. "Chukua. Hili halijawahi kuniangusha. Waulize wale wanne wa mbele, basi, yaishe."

Mkufunzi, mzee aliyevaa miwani kwenye paji la uso, akaketi pembeni. Binti akainua chungwa. Migongo ikanyooka. Mikono minne ikapaa hata hajauliza kitu. Naye, mjinga yule, akaipita yote minne akamtazama msichana wa karibu na kabati.

"Wewe. Robo ni nini?"

Msichana akasimama. "Sijui, mwalimu."

"Si umemwona mwalimu wako akikata chungwa?"

"Hapana. Huku nyuma tunasikia harufu tu."

Darasa likaangua kicheko. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Binti akamwita mbele, akamshikisha kisu wakate pamoja, na nusu ya darasa ikamfuata kuona. Fujo! Madawati yakakwaruza sakafu, mmoja akakanyaga mkoba wangu, na kengele ikalia hata hawajafika kwenye robo.

Mkufunzi akashusha miwani. "Utulivu hakuna. Somo halijaisha. Na mtoto wa darasa la nne hajui robo. Kosa la nani hili?"

Fomu ilikuwa mkononi mwa binti. Angeifungua tu, yeye angepona na mimi ningeumbuka. Akaikunja.

"Langu, mwalimu. Ningemsogeza mbele mapema."

Jamani. Nilimwacha abebe kosa, sitaki kudanganya. Nilimwacha mpaka nikamwona mkufunzi anaandika alama ndogo mno, ya kumrudisha mtoto wa watu nyumbani. Hapo ndipo aibu iliponishika. Nikamnyang'anya binti fomu, nikaiweka mbele ya mkufunzi.

"Hizi sifuri ni zangu, yeye kazikuta. Nina watoto hamsini na wawili, nafundisha wanne."

Akaisoma kwa muda mrefu. Akaikata alama yake, akaandika nyingine. Binti akafaulu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Kupona kwangu kulikuwa hivi: mkufunzi alimshauri mwalimu mkuu, naye akaliona wazo zuri mno, kwamba muhula unaofuata mimi nipite madarasa ya wenzangu, nikae nyuma, nichore vijistari. Katika umri huu!

Jumatatu ya kwanza ya muhula huo nikaanza kwa mwalimu wa sayansi. Tumekunywa chai pamoja miaka kumi na mitano. Aliponiona na fomu alitabasamu, akainama chini ya meza, akatoa glasi ya maharage. Migongo ya watoto ikanyooka. Nikaenda kuketi dawati la mwisho, nikakodoa macho, nikayakodoa tena. Kutoka kule huoni hata jani.